Hakuchelewa, Alicheleweshwa

Watu wa Ikinga, nanyi wa Itumba, Isongole, Vwawa na Tunduma, nisikilizeni. Tumejijengea desturi mbaya misibani. Mtu akifa kwa saratani, kabla turubai halijashushwa, tumekwisha kumbebesha kosa. "Alichelewa," tunasema. Mwenyekiti wa kitongoji anasema, mchungaji anasema, tabibu anasema, na shemeji aliyesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam anaambiwa hivyo hivyo kabla hajaketi. Kisha mzee mmoja anafunga mazungumzo kwa methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wanatikisa vichwa. Marehemu hana mdomo wa kujitetea.

Mimi namtetea, kwa sababu ushahidi wake upo. Upo ndani ya daftari. Kila mtu wa huku analijua daftari hilo: la shule, jembamba, mgonjwa hulinunua dukani na kwenda nalo zahanati, na ndilo faili lake pekee duniani. Akifa huachwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na vidonge vilivyobaki. Lifungueni kabla hamjalichoma pamoja na matandiko. Mtakuta tarehe. Mtakuta alikwenda Januari, akaenda tena Februari, akarudi mvua za Machi zikinyesha na bodaboda ikiteleza mlimani, akarudi tena baada ya mavuno. Kila alipokwenda aliandikiwa jambo lile lile. Vidonda vya tumbo. UTI. Taifodi. Bawasiri. Mtakuta na saini. Mtu aliyekwenda mara tano hakuficha maradhi. Aliyaleta mchana kweupe, akayaweka juu ya meza, nasi tukamrudisha nayo nyumbani.

Hakuchelewa. Alicheleweshwa, na waliomchelewesha wana majina, wana mishahara, wana leseni, na wengine wana madhabahu.

Sitaji hapa jina la zahanati wala hospitali, maana tabia hii haina anwani moja. Ipo Songwe, ipo Kigoma, ipo Kisumu. Wala sisemi kila kosa ni uzembe. Saratani hujificha hata mbele ya bingwa mwenye mashine zote. Makosa ya namna hiyo yapo London na yapo Boston, na anayeyafanya baada ya kutazama kwa bidii hana hatia mbele yangu. Ninalolikaripia ni jingine: kumpa mtu jina la ugonjwa bila kumgusa, kumpa dawa ile ile iliyoshindwa mara mbili, na kutojali kwamba amerudi.

Ikinga ni kata ya milimani katika Wilaya ya Ileje, nchi ya Wandali, na ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Kuna jambo ambalo kila anayetoa dawa katika wilaya hii alipaswa kuambiwa siku yake ya kwanza kazini: tunaishi ndani ya ukanda wa saratani ya umio. Ukanda huo unaanzia Ethiopia, unashuka kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi mashariki mwa Afrika Kusini, na Malawi ni miongoni mwa nchi zenye kiwango kikubwa kabisa cha ugonjwa huo duniani. Umio ni njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Dalili ya kwanza ni ndogo. Mtu anaona ugali unakwama, anashushia na maji. Baadaye anaacha ugali, anakula ndizi zilizopondwa. Baadaye uji. Mwishoni hata mate yake mwenyewe hayapiti, anatembea na kikopo cha kutemea. Safari hiyo huchukua miezi, na katika miezi hiyo yote anaeleza, kwa Kiswahili au kwa Kindali kama nesi anakijua, kwamba chakula kinakwama. Naye anaandikiwa vidonge vya kupunguza asidi.

Vidonda vya tumbo huunguza chini ya chembe ya moyo na humwamsha mtu usiku. Kwa kawaida havikwamishi ugali. Mtu mzima anayesema chakula kinakwama, na nguo zimeanza kumpwaya, anatakiwa kutazamwa umio kwa kamera, na mpaka kamera iseme vinginevyo, anayemtibu anatakiwa kuwa na hofu. Hakuna mwenye akili anayeidai zahanati ya milimani mashine ya kamera. Tunachodai ni karatasi. Cheti cha rufaa chenye sentensi moja ya kweli, "chakula kinakwama, amekonda," kilichoandikwa mgonjwa aliporudi mara ya pili, badala ya baada ya miezi saba. Kalamu ipo. Karatasi ipo. Lami ya Mpemba hadi Isongole sasa ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kusikia alichoambiwa.

(Na hapo hapo tuambiane kuhusu chai. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wametaja vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Huku kwetu kwenye baridi chai inanyweka ikiwa inatoka moshi. Ni mchungaji gani, mwalimu gani, amewahi kulisema hilo mbele ya watu?)

Sasa ninyi mnaohudumia wanawake. Saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, nayo inatupa muda mrefu wa kuizuia. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, huchukua miaka 15 hadi 20 tangu virusi vya HPV vinapoingia na kukaa mpaka saratani inapokomaa. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Hesabuni nami. Katika miaka 15 mwanamke wa Ileje amebeba mimba na kuhudhuria kliniki, amepeleka watoto kupimwa uzito na kuchanjwa, amefuata uzazi wa mpango, amekuja na malaria yake na ya wanawe. Kama anatumia dawa za VVU, amekaa kwenye benchi la CTC, kliniki ya VVU, mara nyingi kiasi kwamba wahudumu wanamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kipimo chenyewe cha kuiwahi saratani hii ni siki. Nesi aliyefunzwa anapaka siki iliyopunguzwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama kama pana weupe. Siki, pamba, taa na kitanda. Kati ya yule mama na sisi, nani alichelewa kwa miaka 15?

Halafu anakuja akiwa na miaka 50 na kitu. Hedhi ilikwisha koma, na sasa damu inatoka tena. Anaona aibu, anaisema kwa sauti ya chini, akiwa ameinamisha uso. Anaambiwa alete mkojo. UTI imekuwa jina la kila kinachouma chini ya kitovu. Anachomwa sindano siku tano, anarudi, anachomwa nyingine. Hakuna aliyemwambia apande kitandani. Hakuna aliyevaa glovu. Kile chuma cha kupanulia njia ya uzazi kipo kabatini, kimefungwa kwenye kitambaa chake, na mama wa watu anaoza akiwa hatua kumi kutoka kwenye kabati hilo. Nasema kwa ukali kwa sababu jambo hili halihitaji shahada ya pili wala mashine ya mamilioni. Damu ya mwanamke aliyekoma hedhi hutazamwa kwa macho, siku hiyo hiyo. Damu baada ya tendo la ndoa, vivyo hivyo. Anayepima mkojo na kumruhusu aende zake amemhukumu.

Nanyi wazazi mliowaficha mabinti siku ya chanjo, msitazame pembeni. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Mliambiana kwamba inafunga kizazi. Mkamtuma mtoto shamba siku wauguzi walipofika shuleni. Uvumi ule haukuwa na mtu wa kuuthibitisha hata mmoja, lakini mliuamini haraka kuliko mlivyomwamini nesi mliyesali naye kanisa moja.

Mikono imekoma kugusa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mama anasema ana kivimbe kwenye ziwa, hakiumi. Anaulizwa kama ananyonyesha, anaandikiwa antibayotiki ya jipu, na blauzi haijafunguliwa hata kifungo kimoja. Kutouma ndiko kulikotakiwa kumshtua mtoa dawa. Mzee anasema anapata choo chenye damu. Anaambiwa bawasiri, anauziwa dawa ya kuchomeka, na hakuna aliyempima kwa kidole. Mtoto wa miaka miwili mboni yake inang'aa nyeupe akimulikwa na tochi. Bibi yake anaambiwa ni mtoto wa jicho, itaondolewa akikua. Saratani ya jicho la mtoto haisubiri akue. Ikiwahiwa, mtoto huishi. Ikiachwa, hupanda kwenye mshipa wa jicho hadi ubongoni. Kumulika jicho la mtoto ni kazi ya dakika moja, na tochi ipo kwenye simu ya kila mtu.

Liko pia kosa la upande wa pili, linalosahaulika. Mtu amevimba tezi za shingo na amekonda. Mmoja anamwambia ni kifua kikuu, anaanzishwa dozi ya miezi 6 bila tezi kuchomwa sindano wala kinyama kukatwa, na kumbe ni saratani ya tezi iliyopata miezi 6 ya kuenea ikisindikizwa na dawa zisizo zake. Mwingine, mwenye tezi zile zile, anaambiwa na mtu mwenye koti jeupe, "Hii ni kansa, mpelekeni nyumbani." Ng'ombe wanauzwa, ndugu wanaitwa kuaga, mgonjwa anageuzwa uso kuelekea ukutani. Naye alikuwa na kifua kikuu, ambacho kingepona kwa vidonge visivyolipiwa hata shilingi. Neno saratani halisemwi kwa kukisia. Kinyama kikatwe, kiwekwe kwenye fomalini, kisafiri, kisomwe chini ya hadubini na mtu aliyesomea. Mengine yote kabla ya hapo ni dhana, na mgonjwa aambiwe kwamba ni dhana.

Nawapeni mfano wa daktari aliyegusa. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakujua ni nini. Muda si mrefu baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatazama nje kwa dirisha, akaona mtoto mwingine, wa kike, ameketi na mama yake, uso umevimba namna ile ile. Angeweza kusema ni meno. Alitoka nje, akamtazama, akampapasa, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Akarudi Mulago akafungua mafaili ya watoto wa miaka iliyopita. Akakuta kwamba madaktari walikuwa wanaandika majina tofauti tofauti: huyu taya, huyu figo, huyu ini. Ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani moja. Mwaka 1958 akauandika, na leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 akachukua gari kuukuu na wenzake wawili, wakazunguka maili zipatazo 10,000 za Afrika Mashariki na Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuona taya ya namna ile.

Tazameni alichofanya. Alisimama kwa mtoto wa pili. Alimgusa mahali ambapo hakulalamikia. Kisha akarudi kwenye mafaili ya waliokufa, na mafaili yalikuwepo, kwa sababu Mulago kulikuwa na watu waliotunza kumbukumbu, na daktari wa maabara, Jack Davies, alikuwa ameanzisha daftari la saratani la Kampala tangu mwaka 1951. Watoto wa Uganda waliokwisha kufa waliendelea kuwafundisha madaktari. Wafu wetu tunawazika wakiwa na majibu yao.

Hapa ndipo shina la uovu huu lilipo. Tabibu aliyeandika vidonda vya tumbo mara nne hajui hadi leo kwamba mgonjwa wake alikuwa na saratani ya umio. Mgonjwa aliacha kuja, akadhani amepona. Au alisikia amehamia kwa mwanawe Tunduma. Hospitali ya mkoa haikumwandikia. Hospitali ya kanda Mbeya haikumwandikia. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, haikumwandikia. Familia haikurudi. Kwa hiyo kesho asubuhi ataketi kwenye kiti kile kile, ataingia mwingine anayesema chakula kinakwama, naye ataandika kwa mkono ule ule, kwa dhamiri safi kabisa. Kosa lisilorudishwa kwa mkosaji humfanya ajione hodari.

Kumbukeni Novemba 2007. Pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, vijana wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekuja na goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo alipasuliwa goti. Huyu wa uvimbe alifariki. Nchi nzima ilitikisika, uchunguzi ukafanyika, watu wakasimamishwa kazi. Mwaka 2018 Nairobi nako, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, lilifunguliwa fuvu la mgonjwa ambaye hakuwa wa kupasuliwa, na Kenya nayo ikatikisika. Ilikuwa haki kutikisika. Lakini tulitikisika kwa sababu kosa lilionekana: bandeji ilikuwa mahali pasipo pake, mtoto wa shule angeweza kuiona. Saratani iliyoitwa UTI kwa miezi minane haina bandeji. Naamini inaua watu wengi kuliko makosa yote ya chumba cha upasuaji, nayo sijasikia ikiundiwa tume. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanasema Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na karibu 27,000 hufa. Wengi wanaofika Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Viongozi hulisoma hilo majukwaani kama shutuma kwa wananchi: wanachelewa, wanapenda waganga. Asomaye takwimu hizo afungue kwanza madaftari yao.

Sisemi waganga hawamo. Wamo, na karipio hili ni lao pia. Wewe unayemwambia mtu mwenye umio ulioziba kwamba ametupiwa kitu kooni na jirani yake, umeua wawili: mgonjwa, na bibi kizee uliyemnyooshea kidole. Wewe unayepaka dawa kali juu ya ziwa hadi linachimbika. Nawe mchungaji wa maombezi unayemtangaza mtu amepona mbele ya kamera, akatupa cheti cha rufaa kama ushuhuda wa imani: kile cheti utakitolea hesabu. Hatujajifunza kitu. Mwaka 2011 nchi hii ilipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemekana kuponya saratani, UKIMWI na kisukari. Vigogo walikunywa. Wagonjwa walitolewa wodini na dripu zao, na wako waliofia njiani. Nani kati ya waliokisifia kikombe kile amewahi kusimama na kuomba radhi?

Siku hizi wamekuja wengine, wana tai na kompyuta mpakato. Wanaweka meza karibu na stendi, wanakushikisha kipande cha chuma kilichofungwa waya, na baada ya dakika moja mashine inatema orodha: ini lina sumu, figo zimechoka, una dalili za kansa, nunua virutubisho. Wanaita kipimo cha mwili mzima. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoweza kuona saratani ndani ya mtu. Huyu anamtia hofu aliye mzima, na yule mwenye uvimbe wa kweli anamwambia mwili uko sawa, aongeze madini. Wanafanya hayo hadharani, na ofisi zenye wajibu wa kuwazuia zina madirisha.

Na ninyi ndugu. Mnamvuta daktari pembeni mnamwambia, "Usimwambie mzee, atakata tamaa." Daktari anakubali, kwa sababu ni rahisi. Mzee anaambiwa ana kauvimbe. Anayeambiwa ana kauvimbe haoni sababu ya kuuza mahindi akalale Dar es Salaam wiki sita za mionzi. Anaomba arudi akapalilie kahawa. Mmemnyima nafasi ya kuchagua mkidhani mmemhurumia. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliwaeleza Wakenya waziwazi mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo ya hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huo huo, na kabla ya hapo alikwisha waaga watu wake akiwa na akili zake. Mzee wa Ikinga anastahili heshima hiyo hiyo.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya watoa huduma wadogo. Tabibu mmoja akiwa peke yake mbele ya foleni inayotoka nje ya mlango, bila vitendanishi, bila umeme wa uhakika, atakimbilia jina lililo jepesi. Kumfukuza huyo na kumleta mwingine katika kiti kile kile hakutaponya mtu. Mwekeeni mwenzake. Mfundisheni dalili za hatari mpaka azijue usingizini. Lipieni safari ya kinyama, maana leo kinyama kinasafiri kwenye begi la mgonjwa, kwa nauli ya mgonjwa, na majibu yanasubiriwa mpaka mwenye mwili amekwisha kuwa mwingine. Na kila hospitali inayompokea mtu kwa rufaa ilazimishwe kumrudishia aliyemtuma majibu: ulidhani hivi, tumekuta hivi.

Kwa aliyefanyiwa uzembe, njia ya sheria ipo, ingawa wachache huku wanaijua. Chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia udaktari, Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko ya mtu yeyote na lina mamlaka ya kumwita mtaalamu, kumsimamisha, hata kumfutia usajili. Tumekaa kimya tukisema ni mapenzi ya Mungu. Msimpe Mungu kazi ya mtu aliyekataa kuvaa glovu. Nabii Yeremia aliwakaripia makuhani wa siku zake kwa sababu walilifunika jeraha la watu wakasema pako salama, na hakuna mahali aliposema Mungu ndiye aliyelifunika.

Basi wewe uliye mgonjwa leo: ukirudi mara ya tatu na tatizo lile lile, usipokee dawa ile ile. Sema kwa adabu, "Daktari, naomba unipime kwa mikono, na kama hujaona kitu naomba rufaa." Sema mbele ya ndugu. Asipokuandikia, panda gari uende hospitali inayofuata, na daftari lako mkononi.

Nawe unayevaa koti jeupe: anayerudi mara ya tatu si msumbufu. Simama, osha mikono, mguse.

Nanyi mliozika mwaka huu, msichome daftari. Likimalizika tanga, watu wawili wa familia walichukue, pamoja na majibu ya Mbeya au ya Dar es Salaam, walipeleke kwa mganga mfawidhi wa mahali alipoanzia kutibiwa. Msiende na hasira wala na mawe. Wekeni daftari mezani, fungueni ukurasa wa kwanza, mwambieni alikufa kwa nini, na msiondoke mpaka ameuandika ugonjwa wenyewe kwenye kitabu chake.